Kichwa cha Otenyo na Sheria za Urithi

Katika mwaka wa 1907 Waingereza walijenga boma lao mahali palipoitwa Getembe, ambapo leo pana mji wa Kisii. Mtawala waliyemweka hapo alikuwa kijana mmoja, G.A.S. Northcote. Miaka miwili kabla ya hapo, majeshi yao yalikuwa yamekwisha kupita katika nchi ya Wagusii yakiua watu na kuteka ng'ombe. Kwa hiyo si ajabu kwamba boma lile halikupendwa. Mwezi wa Januari 1908, Otenyo Nyamaterere, shujaa wa Kitutu, alimvizia Northcote njiani akamchoma mkuki. Nyuma ya tendo hilo palikuwa na mwanamke, Moraa Ngiti, mganga na mtabiri, ambaye aliwahimiza vijana wasikubali kutawaliwa.

Northcote alipona. Wagusii ndio waliokufa. Askari walitumwa, nyumba zikachomwa moto, mifugo ikachukuliwa kwa maelfu, na watu wakauawa kwa wingi hata Winston Churchill, aliyekuwa wakati huo naibu wa waziri wa makoloni huko London, akapeleka simu kuuliza kama kweli ilikuwa lazima kuendelea kuwaua watu wasioweza kujikinga. Otenyo alikamatwa akauawa. Wazee wa Kitutu husimulia kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Uingereza, na kwamba mwili peke yake ndio uliobaki. Mtu yule aliyechomwa mkuki alipanda cheo mpaka akawa Gavana wa Hong Kong kuanzia mwaka wa 1937, na huko chuo kimoja cha ualimu kikapewa jina lake. Mimi nifundishaye katika chuo cha ualimu siwezi kulipita jambo hilo bila kulitaja: Northcote alipata chuo, na Otenyo hana kaburi lililokamilika.

Sasa tuulize swali la mwanasheria. Ikiwa jamii ya watu inataka kukilinda kilicho chake, au kukidai kilichochukuliwa, itashika hati gani mkononi? Ili tupate jibu, na tutoke Gusii kidogo tuwatazame majirani wawili.

Wa kwanza ni Wahehe wa Iringa, katika nchi ya Tanganyika ya zamani. Mtemi wao Mkwawa alipigana na Wadachi miaka mingi, na mwaka wa 1898 alijiua mwenyewe asije akashikwa. Kichwa chake kikachukuliwa Ujerumani. Vita vya kwanza vya dunia vilipokwisha, Waingereza walitia jambo hilo katika Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, kwamba Ujerumani irudishe fuvu la Mkwawa. Ilipita miaka thelathini na mitano. Hata hivyo kifungu kilikuwapo, na maandishi hayasahau. Mwaka wa 1954 Gavana Edward Twining alilitafuta fuvu hilo katika jumba la makumbusho la Bremen, akalirudisha mwenyewe kwa Wahehe, nalo lipo Kalenga hata leo.

Wa pili ni Wanandi. Kiongozi wao Koitalel arap Samoei aliuawa mwezi wa Oktoba 1905 na Richard Meinertzhagen, katika mkutano ulioitwa wa amani. Huyu Meinertzhagen alikuwa na desturi ya kuandika habari zake kila siku, akazichapisha kitabu mwaka wa 1957, wala hakuona haya kueleza aliyoyafanya. Basi Wanandi walijua ni mlango wa nani wa kubisha. Mwaka wa 2006 fimbo za Koitalel zilirudishwa kutoka nyumbani kwa mtoto wa Meinertzhagen. Kichwa chake, ambacho Wanandi nao husema kilichukuliwa, hakikurudi pamoja na fimbo.

Mnaona tofauti. Mkwawa ana kifungu cha mkataba, Koitalel ana kitabu cha aliyemwua, na Otenyo ana masimulizi ya wazee. Mimi sisemi kwamba masimulizi ni kitu hafifu. Bila ya hayo tusingalijua hata jina la Moraa. Lakini katika ofisi za serikali na katika majumba ya makumbusho ya Ulaya, mtu anayekuja na simulizi huombwa karatasi.

Je, sheria za Kenya zilimsaidia Mgusii kuipata karatasi hiyo? Kwa muda mrefu hazikumsaidia. Sheria ya kwanza ya kuhifadhi majengo ya kale ilitungwa mwaka wa 1927, na macho yake yalielekea pwani, kwenye magofu kama yale ya Gede. Ile ya 1934 iliongeza mifupa na zana za watu wa kale zinazofukuliwa ardhini. Hayo yalikuwa mema, na magofu ya Gede yasingalisimama mpaka leo bila ulinzi. Ila waliotunga waliona urithi katika jiwe na mfupa tu; mtu aliye hai, mwenye ufundi mikononi na hadithi kichwani, hakuhesabiwa.

Baada ya uhuru sheria hizo zilibadilishwa mwaka wa 1983, na tena mwaka wa 2006 ikaja Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa. Someni kwa makini jinsi sheria hizo zilivyoeleza maana ya kitu cha kale: ni kitu kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka wa 1895. Kwa nini 1895? Ni mwaka Uingereza ilipotangaza himaya yake juu ya nchi hizi. Kwa kipimo hicho, mkuki uliofuliwa kwa ajili ya Otenyo mwaka wa 1908 ungekuwa mpya mno! Milango ya kuchongwa ya pwani iliwekewa mwaka wake, 1946, na Waziri alipewa uwezo wa kutangaza vitu vingine. Lakini ilibidi kwanza kitu hicho kifike machoni pa Waziri, na kutoka Manga au Tabaka hadi meza ya Waziri ni mbali.

Mageuzi makubwa hayakuanzia katika jumba la makumbusho. Yalianza wakati tume ya kurekebisha Katiba, iliyoongozwa na Profesa Yash Pal Ghai, ilipozunguka nchini kuwasikiliza raia. Katiba iliyopatikana mwaka wa 2010 inasema katika kifungu cha 11 kwamba utamaduni ndio msingi wa taifa, tena ikaliagiza Bunge litunge sheria ili jamii zilipwe utamaduni wao unapotumiwa na wengine. Mwaka wa 2016 Bunge lilitimiza agizo hilo kwa Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Maonyesho ya Utamaduni. Hapo mambo yaligeuka kabisa. Mwenye mali ni jamii yenyewe. Anayetaka kuitumia kwa biashara lazima apate idhini yao kwanza. Na kazi ya kukusanya na kuandikisha maarifa hayo imepewa serikali za kaunti. Kisii na Nyamira, ambazo zilikuwa wilaya moja mpaka Nyamira ilipotengwa mwaka wa 1989, sasa kila moja ina kalamu yake.

Sheria hiyo haisemi kwamba kisichoandikwa hakina ulinzi. Inasema kinyume: haki ipo hata bila kuandikishwa. Lakini siku ya ugomvi, daftari la kaunti litasema nini?

Chukueni mfano wa obokano, kinubi kikubwa cha Wagusii chenye nyuzi nane, ambacho sauti yake nzito hunguruma kama kitu kinachoongea chini ya ardhi. Wamisionari walipofika Nyabururu mwaka wa 1911 na Nyanchwa mwaka wa 1912, ngoma na nyimbo za kale zilianza kutazamwa kama mambo ya giza, na kijana aliyetaka kusoma alijifunza kuziacha. Waliobaki na ufundi wa obokano ni wachache. Kwa sheria ya 2006, obokano iliyotengenezwa mwaka jana si kitu cha kale. Kwa sheria ya 2016, namna ya kuitengeneza, kuitia nyuzi na kuipiga ni mali ya jamii.

Au chukueni mawe ya sabuni ya Tabaka. Wanaume huchonga, wanawake husugua kwa maji na msasa mpaka jiwe ling'ae, na sanamu hizo husafirishwa Ulaya na Marekani. Jiwe likishafika kwenye duka la mbali hupoteza jina la aliyelichonga, na mara nyingi jina la Tabaka pia. Kwa maoni yangu hapa ndipo kaunti ingeanzia, kwa kuwa hapa pana watu wanaoishi kwa kazi hiyo, nao wanaweza kusema wenyewe ni mitindo ipi waliyorithi kwa baba zao na ipi iliyobuniwa kwa ajili ya watalii.

Na Otenyo? Sheria ya Nairobi haiwezi kuamuru jumba la makumbusho la London. Mwaka wa 1973 Umoja wa Mataifa ulianza kujadili kurudishwa kwa mali zilizochukuliwa, na majadiliano hayo yanaendelea. Katika miaka ya karibuni watafiti wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, pamoja na wenzao wa Ujerumani, wamekusanya orodha ya vitu zaidi ya 32,000 vya Kenya vilivyomo katika majumba ya nchi za nje. Wazee wa Gusii wamedai kichwa cha shujaa wao, na wanaendelea kudai. Mfalme Charles alipokuja Nairobi mwezi wa Oktoba 2023 alisema kwamba anasikitishwa sana na maovu waliyotendewa Wakenya wakati wa ukoloni. Kuomba radhi hakuomba, wala jina la Otenyo halikutajwa katika hotuba hiyo.