Jina Kapuni: Historia ya Mshikaki Unaouchoma Nyumbani

Kuna staa mmoja wa kike hapa mjini (jina kapuni, msije mkanitafutia kesi) kaposti video anachoma mishkaki barazani kwake, kucha ndefu, moshi unampiga machoni lakini anatabasamu tu. Chini kaandika kwamba hayo ni mapishi yake, kayabuni mwenyewe. Makopakopa yakamiminika kama mvua ya masika. Mimi nikacheka peke yangu, halafu nikanyamaza, maana wiki hiyo hiyo nilikuwa nimetoka kuharibu kilo mbili za steki kwa mapishi yanayofanana kabisa na hayo.

Nilisikia papai bichi linalainisha nyama. Sawa. Nikasaga nusu papai, nikatia tangawizi, kitunguu saumu, ndimu na chumvi, nikachanganya na nyama Ijumaa usiku ili "iingie viungo". Jumamosi jioni wageni wako sebuleni, mimi jikoni nashika nyama inabonyea kama ugali wa jana. Nikiichoma kijiti inapasuka. Iliyobahatika kufika motoni ikawa juu imeungua, ndani kama chakula cha mtoto anayeota meno. Wageni walikula chipsi na kachumbari, wakaniambia asante kwa adabu zote.

Kesho yake nikamfuata kaka anayechoma mishkaki kona ya mtaa wetu. Nilipomsimulia akacheka mpaka akaweka pepeo chini. "Dada, papai ni kijiko, sio sahani. Na halilali na nyama."

Hapo ndipo nikaanza kujiuliza: huyu kajifunza kwa nani, na huyo aliyemfundisha kajifunza kwa nani? Nikaingia kwenye vitabu, na kumbe huu mshikaki una safari ndefu kuliko basi la Kigoma.

Tuanze na jina. Wengi tunadhani mshikaki unatokana na "kushika", kwa sababu nyama imeshikwa na kijiti. Hapana. Kwa Kiarabu kitenzi "shakka" ni kutoboa, kupenyeza kitu. Oman mpaka leo nyama hii inaitwa mishkak, inachomwa barabarani na siku za Idi, na mara nyingi inaliwa na mchuzi wa ukwaju. Ukisoma hapo na wewe ni mtu wa Unguja au Tanga, najua umeshatabasamu. Neno lilipofika kwetu, nadhani sikio la Mswahili lilisikia "mi-" pale mbele, likasema aaah, huu ni wingi, kama miti na mikate. Basi umoja lazima uwe mshikaki. Ndivyo tulivyo, neno la mgeni tunalivalisha kanga zetu. Kitabu ni cha Kiarabu na tukakipa vitabu. Kipilefti tukakipa vipilefti. Na huo mshikaki nao ukazaa mwingine: bodaboda ikibeba abiria wawili nyuma ya dereva, hao wamepanda mshikaki, na trafiki akiwaona mnajua wenyewe.

Kuchoma nyama kwenye kijiti chenyewe hakuna taifa linaloweza kudai ni lake. Kisiwa cha Santorini, Ugiriki, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta vitu vya udongo vyenye mapengo ya kulazia vijiti juu ya makaa, vina umri wa zaidi ya miaka 3,500. Wanaijeria wana suya, Waperu wana anticuchos, Waturuki wana shish. Kwa hiyo anayekwambia kabila lake ndilo lililobuni, mnunulie soda aendelee na stori.

Chetu ni ule mchanganyiko. Papai halikuwepo Afrika. Asili yake ni Amerika ya Kati na Mexico, na pilipili nayo ni ya huko huko Amerika. Vilivuka bahari baada ya safari za Columbus za 1492, mikononi mwa Wareno na Wahispania. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwaka 1498, hakuna mpishi wa pwani aliyekuwa ameonja papai wala pilipili hizi tunazolilia leo. Tangawizi ilitoka Asia. Mkono wa kuchanganya vyote hivyo na kuweka kwenye nyama ulikuwa wa hapa, na mwenye mkono jina kapuni.

Na hapa ndipo moyo unaponiuma kidogo. Sayyid Said alipohamishia makao yake Zanzibar kutoka Oman, miaka ya 1830 kuelekea 1840, jumba la kifalme lilikuwa na jiko la kulisha mamia ya watu. Binti yake, Sayyida Salme, ndiye aliyekuja kuandika kumbukumbu zake na kuzichapisha Ujerumani mwaka 1886. Anakumbuka dada, kaka, mama wa kambo, farasi, vito. Wapishi anawataja kama kundi, watu wengi, makelele mengi. Wengi wa watu waliofanya kazi za nyumba zile walikuwa watumwa. Soko la watumwa Zanzibar lilifungwa 1873, na utumwa wenyewe ukafutwa kisheria 1897. Kwa hiyo ukiuliza nani alipuliza moto vizazi vile vyote, majibu yapo kwa ujumla tu: wapishi.

Angalia Forodhani. Bustani ile ilitengenezwa katikati ya miaka ya 1930 kwa heshima ya jubilei ya kifalme, na ikaitwa Bustani ya Jubilei. Mfalme akapewa bustani. Leo nenda jioni, uliza Bustani ya Jubilei, watakuona umepotea. Watu wanasema Forodhani, kwa sababu forodha ilikuwa hapo, na wanachofuata ni moshi wa mishkaki.

Halafu kuna safari ya kurudi nje. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Maelfu wakaishia Uingereza, wengi wao Leicester, na wengine Canada. Mali walinyang'anywa, ila viungo vya kichwani huwezi kumnyang'anya mtu. Ndiyo maana leo unaweza kukaa kwenye mgahawa wa Leicester, baridi inakata masikio, ukasoma kwenye menyu: mishkaki. Kwa jina hilo hilo la kwetu.

Turudi kwenye papai langu. Utomvu mweupe wa papai bichi una kimeng'enya kinaitwa papaini, kinachokatakata protini ya nyama. Enzi za ukoloni Tanganyika ilikuwa inauza utomvu huo nje ukiwa umekaushwa. Kimeng'enya hicho hakijui kwamba umelala. Kinakata tu mpaka moto mkali ukiue, na ndiyo maana usiku mzima pamoja na mchana wake vilinimalizia nyama. Papai lililoiva halina nguvu hiyo, kwa hiyo usidanganyike na la kwenye friji.

Kaka wa kona alinipa kipimo. Kilo moja ya nyama, vipande vya ukubwa wa dole gumba. Papai bichi lililokwaruzwa, kijiko kimoja cha chakula. Tangawizi na kitunguu saumu vya kutosha, ndimu moja, pilipili kwa moyo wako, mafuta kidogo, chumvi. Saa mbili kwenye friji, zikizidi sana tatu. Vijiti vya mianzi viloweke nusu saa visiungue. Yeye anatumia spoku za baiskeli, lakini wewe uko nyumbani, achana nazo, ule mng'ao wa juu haukutengenezwa kwa ajili ya kula. Kila baada ya vipande viwili vitatu vya nyama weka kipande cha mafuta. Makaa yasubiri mpaka yavae majivu, ukiona mwali bado mapema. Geuza mara kwa mara, usiende kuchati.

Nimejaribu tena Jumapili. Nyama imekaa kwenye kijiti, imelainika, ina utamu wa moshi, na wageni wale wale wameomba ya kubeba.

Nilimpelekea kaka sahani, nikamwambia nataka kumtaja kwa jina kwenye stori hii, watu wajue kipimo ni chake. Akaonja, akatikisa kichwa kukubali, halafu akakataa. "Usiniandike dada. Mgambo nao wana simu." Mwezi uliopita walimbebea jiko na nyama yote, jiko amelikomboa, nyama hakuiona tena. Akaomba niandike tu kwamba siku hizi anaanza saa kumi na mbili jioni, wakishaondoka.