Kupoteza udhibiti wa ndege ndogo wakati wa kuruka

Kupoteza udhibiti wakati wa kuruka ni hali ambayo ndege huacha kufuata mwelekeo au mkao anaoukusudia rubani inapokimbia kwenye njia ya kurukia au inapoanza kupaa. Katika ndege za mafunzo zenye injini moja, kama Cessna 172, nguvu kamili ya injini na mkondo wa hewa wa rafadha unaogonga mkia huvuta pua kushoto. Rubani husahihisha kwa kukanyaga pedali ya kulia. Mwanafunzi akichelewa, au akikanyaga kupita kiasi, ndege huyumba na huweza kutoka njiani. Upepo wa ubavuni huongeza ugumu huo.

Kosa jingine ni kuinua pua mapema. Ukaribu wa ardhi hupunguza ukinzani wa hewa, hivyo ndege hupaa kwa mwendo mdogo; ikipanda zaidi, mabawa huweza kushindwa kuibeba. Hapo pua hushushwa ili mwendo urudi. Mwelekeo ukipotea ndege ikiwa bado ardhini, rubani huondoa nguvu ya injini, hufunga breki na kuacha kuruka. Mkufunzi, mwenye vidhibiti vyake, hutakiwa kuingilia mapema.