Biskuti ya Siagi na Krismasi Yetu

Kila Desemba tunapooka biskuti za siagi, wageni hutuuliza zimetoka wapi. Asili yake ni Uskoti, na wenyewe huziita shortbread. Hapo zamani yalikuwa mabaki ya unga wa mkate yaliyokaushwa jikoni. Baadaye hamira ikaondolewa, siagi ikaingia. Siagi ilikuwa ghali, basi watu wa kawaida wakaziweka biskuti hizi kwa harusi, Krismasi na mwaka mpya.

Mwaka 1640 Bunge la Uskoti lilifuta likizo ya Krismasi. Ni mwaka 1958 ndipo ikawa siku ya mapumziko kwa umma. Miaka yote hiyo biskuti haikupotea. Akina mama waliendelea kuioka, hasa kwa mwaka mpya.

Kipimo chake ni rahisi: sukari fungu 1, siagi mafungu 2, unga wa ngano mafungu 3. Waskoti walitia kisibiti, lozi au ganda la chungwa. Sisi hutia iliki au tangawizi. Moto uwe wa pole, biskuti isiungue.

Hata kwetu siagi ndiyo inayotutoa jasho. Ukingoja Desemba uinunue kwa mkupuo, mfuko unalia. Ndiyo maana tunaweka kidogo kidogo tangu Januari, ili mtoto wa mwanachama asiishie kunusa sikukuu kwa jirani. Miaka 10 tumeona wenyewe: haba na haba hujaza kibaba.