Waliuziwa boksi bila mdoli Krismasi, leo watu wazima wanalisaka

Wadau, hebu vuta picha. Krismasi ya 1977, dogo wa Marekani anachana karatasi ya zawadi kwa pupa, ndani anakuta cheti, stika na kadi ya kusimamishia midoli. Midoli yenyewe hakuna!

Si stori ya kutunga. Star Wars ilitoka Mei mwaka huo ikawa balaa. Kampuni ya Kenner ya Cincinnati ndiyo iliyokuwa na haki ya kutengeneza midoli yake, ila ilizidiwa, Krismasi ikaikuta mikono mitupu. Ikaamua kuuza ahadi. Unajaza cheti, unakituma posta, unasubiri. Mwaka 1978 ndo vikafika vinne: Luke, Leia, Chewbacca na R2-D2. Luke mwenyewe hafiki hata sentimita 10.

Midoli ile ilichezewa kweli kweli. Bunduki ndogo zikapotelea mchangani, mbwa akatafuna mkono, mama akagawa iliyobaki. (Sisi wa magari ya waya na matairi ya kandambili tunaelewa, nani aliwahi kuyaweka kabatini?) Uzalishaji ukaisha 1985. Ulipoanza tena 1995, madogo wale walishakuwa watu wa mishahara, na wengi walikuwa wanatafuta kile kile alichogawa mama.

Pesa ikanusa harufu. Kuna kamdoli kanaitwa Jawa, mwanzo kalivaa vazi la plastiki, baadaye wakakabadilishia la kitambaa. Ya plastiki yakawa adimu, basi matapeli wakaanza kukata vazi la Obi-Wan na kukavisha kamdoli kengine. Acha kabisa.

Halafu kuna Boba Fett. Kenner ilitangaza kwamba atarusha roketi mgongoni, ikaogopa watoto watakabwa koo, ikamuuza 1979 roketi ikiwa imegandishwa. Sampuli chache za kurusha zilibaki, na 2024 moja ilipigwa mnada kwa dola 525,000. Mdoli ambao haukuwahi hata kufika dukani!

Hapo mimi nagoma. Anayenunua Leia asiye na mkono kwa sababu na wake alikuwa hana mkono, huyo namwelewa, ananunua sebule ya kwao na kelele za kaka yake. Wa laki tano za dola ananunua kitu ambacho hakuna mtoto aliyewahi kukililia. Wataalamu wa mnada watanicheka, poa tu.

Na yale maboksi ya 1977? Yanasakwa sana yakiwa kamili, cheti kikiwa bado ndani hakijajazwa. Maana yake kuna dogo hakukituma, na vile vinne vyake havikufika kamwe.