Msimu wa Kipupwe: Namna ya Kuzuia Maji ya Kuku Yasigande Katika Maeneo ya Baridi Kali

Na Mwandishi Wetu

Kati ya mwezi Juni na Agosti, wakazi wa nyanda za juu za mikoa ya Njombe, Iringa na Mbeya huamka alfajiri wakikuta sakitu nyeupe imetanda juu ya majani. Katika Uwanda wa Kitulo wilayani Makete, ulioko takriban mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, joto la usiku hushuka hata chini ya nyuzi 0 za Selsiasi. Kwa mkulima wa viazi, sakitu ni adui anayefahamika, kwa kuwa huunguza majani ya mazao kwa usiku mmoja. Kwa mfugaji wa kuku, hasara huja kimya kimya: maji yaliyoachwa bandani hufunikwa na utando wa barafu, na kuku hubaki na kiu hadi jua lipande.

Tatizo hili halihitaji vifaa vya gharama kubwa. Linahitaji mfugaji ajue ni saa ngapi kuku hunywa, na apange kazi zake kulingana na saa hizo.

Umuhimu wa maji katika utagaji

Kuku wa mayai hula takriban gramu 110 hadi 120 za chakula kwa siku, na hunywa maji yenye uzito unaokaribia mara mbili ya chakula hicho, yaani mililita 200 hadi 250. Kwa hesabu hiyo, banda lenye kuku 100 huhitaji lita 20 hadi 25 kila siku. Takriban theluthi mbili ya uzito wa yai ni maji, hivyo kuku aliyekosa maji amekosa sehemu kubwa ya kile anachotengenezea yai. Aidha, kuku mwenye kiu hupunguza kula, kwa sababu chakula kikavu huhitaji kulainishwa na maji katika kifuko kilichopo shingoni kabla ya kusagwa.

Kukosa maji kwa siku nzima kunaweza kupunguza utagaji kwa siku kadhaa zinazofuata. Ukosefu unaoendelea zaidi ya hapo unaweza kuwafanya kuku wapukutishe manyoya na kuacha kutaga kwa wiki kadhaa. Kwa familia inayotegemea trei za mayai kununua madaftari na sare muhula wa pili wa shule unapofunguliwa mwezi Julai, wiki hizo ni pengo lisilozibika kwa urahisi.

Kwa nini maji huganda hata utabiri ukiwa juu ya nyuzi 0

Baadhi ya wafugaji hushangaa kukuta barafu asubuhi ilhali utabiri ulitaja nyuzi 2 au 3. Utabiri huo si lazima uwe na kosa. Vipimajoto vya vituo vya hali ya hewa huwekwa ndani ya kisanduku maalumu, kati ya mita 1 na 2 kutoka ardhini. Usiku usio na mawingu wala upepo, ardhi hupoteza joto lake haraka kuelekea angani, na hewa iliyopoa, kwa kuwa ni nzito, huteremka na kutuama mabondeni. Chombo kilichowekwa chini, hasa bondeni, huweza kugandisha maji wakati kipimajoto kikiwa bado juu ya nyuzi 0.

Kwa sababu hiyo, pamoja na kufuatilia mwelekeo wa msimu wa kipupwe na utabiri wa kila siku unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), mfugaji anashauriwa kutazama anga jioni. Nyota zikionekana zote na upepo ukiwa umetulia, ajiandae.

Hatua za kuchukua

Kwanza, ondoa maji jioni na uyarudishe alfajiri. Kuku hawanywi maji gizani. Hunywa kwa wingi kabla ya kulala na mara wanapoamka. Baada ya kuku kupanda kulala, toa vyombo vyote bandani, vimwage, vioshe na uvihifadhi ndani. Jaza maji ya kesho yake katika ndoo au madumu yenye vifuniko na uyalaze ndani ya nyumba, kwa kuwa hata bomba la nje huweza kuganda. Kunapopambazuka, wapelekee kuku maji ya uvuguvugu, yasiyochoma mkono.

Pili, chagua chombo kinachotunza joto. Maji machache yaliyotandazwa katika sahani pana huganda mapema kuliko maji mengi ndani ya chombo chenye kina na mdomo mwembamba. Bati hupoteza joto haraka kuliko plastiki nene. Weka chombo juu ya tofali au ubao badala ya udongo mtupu, upande usiopigwa na upepo. Unaweza pia kukiweka katikati ya tairi kuukuu lililojazwa nyasi kavu au maranda. Tairi jeusi likikaa juani hufyonza joto mchana, na nyasi huchelewesha joto hilo kupotea.

Tatu, kagua mara kwa mara asubuhi. Ukikuta utando wa barafu, uvunje, uutoe na ubadilishe maji. Usimimine maji yanayochemka juu ya chombo cha plastiki kilichoganda, kwani kinaweza kupasuka.

Uangalizi wa vifaranga

Vifaranga wa wiki ya kwanza huhitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, linalopunguzwa kwa takriban nyuzi 3 kila wiki. Wapewe maji ya uvuguvugu katika vyombo vyenye kina kifupi. Kifaranga aliyelowa hupoteza joto haraka na anaweza kufa kabla ya jua kuchomoza.

Mambo ya kuepuka

Usitie chumvi katika maji ya kuku ili yasigande, kwa kuwa chumvi nyingi huwadhuru na huweza kuwaua. Usitumie kabisa kimiminika cha rejeta za magari, ambacho ni sumu. Usiwashe jiko la mkaa katika banda lililofungwa. Gesi ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na huua kuku pamoja na binadamu, mbali na hatari ya moto. Vilevile, usizibe banda lote kwa kuogopa baridi. Unyevu na hewa ya amonia itokayo kwenye kinyesi huumiza macho na mfumo wa kupumua wa kuku. Ziba sehemu za chini zinazopitisha upepo na uache nafasi za hewa juu, karibu na paa.

Uangalifu unahitajika pia siku ya chanjo. Chanjo hai zinazotolewa kupitia maji ya kunywa, ikiwemo ya kideri, huharibiwa na joto na dawa ya klorini. Siku hiyo tumia maji safi ya baridi yasiyotiwa klorini, na ufuate maelekezo ya mtaalamu.

Iwapo utagaji utaendelea kushuka ilhali kuku wanapata maji ya kutosha, mfugaji awasiliane mapema na Afisa Mifugo wa kata yake, kwa kuwa huenda chanzo ni ugonjwa. Wengine watapata nafuu kwa utaratibu mmoja usio na gharama: kumwaga maji jioni na kujaza mapya alfajiri, kila siku, hadi msimu wa sakitu upite.