Mota za Kisauni na Namba Iliyochelewa Kufika

Mota ya mashine ya kusaga unga ikiletwa kwa fundi pale Magogoni, Kisauni, jambo la kwanza ni kufuta grisi na vumbi kwenye kibati kilichogongomewa ubavuni. Fundi anasoma nguvu: kilowati 7.5, yaani hosipawa kumi kwa lugha ya mwenye mashine. Anasoma volti 415, mizunguko 1,440 kwa dakika, ampia zake. Mota ikiwa ya zamani, habari zinakomea hapo. Kibati hakisemi, katika umeme wote unaoingia, ni kiasi gani kinageuka kazi na kiasi gani kinapotea kwa joto. Namba hiyo ilichukua zaidi ya karne kufika kwenye kibati, na kwa muda huo wote viwanda vya ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kuanzia Bamburi hadi Changamwe, vilisimamishwa juu ya mashine zilizoulizwa nguvu zake tu, si ulaji wake.

Zamani, kitu cha kuzungushwa pwani hii kilizungushwa na mtu, upepo au mnyama. Lamu na Unguja mafuta ya ufuta yalikamuliwa kwa kinu cha ngamia aliyefungwa macho, akizunguka kutwa. Umeme ulipoingia haukuja kumpumzisha ngamia. Ulikuja kuwasha taa. Kampuni ya umeme ya Kenya huanza kusimulia historia yake mwaka 1875, ikisema Seyyid Barghash wa Zanzibar alinunua jenereta ya kuangazia kasri lake na njia za karibu. Mwaka huo mimi huupokea kwa tahadhari kidogo, kwa sababu balbu ya Edison ilikuwa bado miaka minne izaliwe, na jumba lake la Beit al-Ajaib lenyewe lilikamilika 1883. Lakini kilichofuata hakina ubishi mkubwa. Mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, aliichukua jenereta hiyo na kuanzisha kampuni ya umeme na taa ya Mombasa. Mwaka 1922 kampuni hiyo iliungana na ya Nairobi, ikazaliwa East African Power and Lighting.

Umeme huo ulikuwa wa kisiwani. Kisauni ilikuwa ng'ambo ya maji, nchi ya minazi na mikanju, na daraja la kuelea la Nyali lilifunguliwa 1931 tu. Mashine za kusaga zilizofuata huku nje ziliendeshwa kwa injini za dizeli, nyingi zikiwa Lister za Kiingereza, zile zilizosikika mtaa wa tatu zikidunda.

Mota yenyewe ilikuwa imekwishavumbuliwa. Nikola Tesla alipewa hataza zake Marekani tarehe 1 Mei 1888. Mwaka uliofuata Mikhail Dolivo-Dobrovolsky, fundi wa Kirusi aliyekuwa akifanya kazi AEG ya Ujerumani, akaunda mota ya fezi tatu yenye kizimba. Katika maonyesho ya Frankfurt ya 1891 umeme wa fezi tatu ulisafirishwa kilomita 175 kutoka Lauffen hadi mjini. Mota ya leo pale Magogoni ni mjukuu wa moja kwa moja wa ile ya Dobrovolsky. Ndani ina koili za shaba zilizotulia tuli, na katikati rota ya chuma isiyounganishwa na waya wowote. Haina brashi za kulika wala mahali pa kutoa cheche. Ukiipa beringi nzuri na hewa ya kupoa, itakaa miaka thelathini.

Ila ina ukaidi wake. Mwendo wake umefungwa kwenye mapigo ya umeme wa gridi, 50 kwa sekunde, na kutegemea ilivyosukwa itazunguka karibu 2,900, au 1,450, au 960. Haijui kwenda polepole. Hapo ndipo gharama kubwa ya viwanda ilipojificha kwa miaka mingi.

Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianzishwa 1951 na Felix Mandl, kikaanza kuzalisha 1954 kwa uwezo wa tani 140,000 kwa mwaka. Watu wengi wanakijua kwa sababu ya msitu ambao René Haller aliuotesha kwenye machimbo yake ya matumbawe kuanzia 1971, na kweli ule msitu ni kazi ya kusifiwa. Lakini kiwanda cha saruji, ukikitazama kwa jicho la fundi umeme, ni mkusanyiko wa mota. Kuna vinu vya kusagia mawe, vinu vya kusagia klinka, mikanda, kompresa na mafeni makubwa ya kuvuta hewa kwenye tanuri. Tani moja ya saruji hula takriban yuniti 100 za umeme, na sehemu kubwa ni ya kusaga. Changamwe nako kiwanda cha kusafisha mafuta kilifunguliwa 1963, kisha bomba la kupeleka mafuta Nairobi likaanza kazi 1978, kituo chake cha kwanza cha pampu kikiwa papo hapo Changamwe. Kituo cha umeme cha Kipevu kilizalisha kwa mvuke tangu miaka ya 1950. Mtu aliyepita Makupa kuingia kisiwani usiku wakati huo aliona taa. Mzigo wenyewe ulikuwa mota.

Sasa, feni ya tanuri haihitaji kuvuta hewa ileile kila saa. Mota isipojua kupunguza mwendo, mwenye kiwanda anaweka mlango wa bati kwenye njia ya hewa na kuufunga nusu. Pampu nayo anaikaba kwa vali. Ni sawa na dereva wa matatu anayekanyaga mafuta hadi chini huku akipunguza mwendo kwa breki. Hesabu ya feni inauma zaidi ya inavyodhaniwa, kwa maana nguvu inayohitajika hupanda na kushuka kwa kipeo cha tatu cha kasi. Feni ikipunguzwa hadi asilimia 80 ya mwendo wake, inataka karibu nusu tu ya umeme. Nusu ya pili, ile inayogonga mlango wa bati, ililipiwa miaka nenda miaka rudi.

Dawa ilikuwa kubadilisha mapigo ya umeme wenyewe kabla hayajafika kwenye mota. Danfoss ya Denmark ilianza kutoa kifaa cha namna hiyo kwa wingi mwaka 1968, na Strömberg ya Finland ikakitia kwenye treni za chini ya ardhi za Helsinki zilizoanza 1982. Mafundi wetu hukiita VFD, kwa herufi zake tatu. Mwanzoni kilikuwa kabati zima, ghali, na umeme ulikuwa rahisi, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na haraka nacho.

Kilichobadilisha mambo ni bili. Bei ya mafuta ilipopaa 1973, Marekani na Ulaya zilianza kuuliza mota inakula nini. Marekani ilitunga sheria 1992 ya kuweka kiwango cha chini cha ufanisi wa mota, ikaanza kutumika 1997. Kila nchi ilikuwa na kipimo chake, hadi mwaka 2008 tume ya kimataifa ya viwango vya umeme, IEC, ilipoweka madaraja ya pamoja: IE1, IE2, IE3, na baadaye IE4. Ndiyo namba ya kwenye kibati. Kuanzia 2011 Ulaya ilikataza kuuza mota mpya za kawaida zilizo chini ya IE2. Kuanzia 2015 ikaanza kupandisha hadi IE3, na tangu Julai 2023 zile za kilowati 75 hadi 200 zinatakiwa ziwe IE4. China, ambako mota nyingi za maduka yetu zinatoka, ilifanya IE3 kuwa kima cha chini kuanzia Juni 2021.

Kwetu somo lilikuja kwa ukame. Mwaka 2000 mabwawa ya umeme ya mto Tana yalipopungukiwa maji, umeme uligawiwa kwa zamu nchi nzima, na kiwanda kilichozoea kuwasha kila kitu kikajikuta kinachagua mashine ya kuzima. Kipevu ikaongezewa mitambo ya dizeli, mmoja 1999 na mwingine 2001, na umeme wa dizeli ukaingia kwenye bili kwa jina la gharama ya mafuta. Chama cha Wenye Viwanda, KAM, kikishirikiana na Wizara ya Kawi, kikafungua kituo cha ufanisi wa nishati 2006. Kanuni za 2012 zikalazimisha kila jengo au kiwanda kinachozidi yuniti 180,000 kwa mwaka kukaguliwa matumizi yake ya nishati kila miaka mitatu, na kutekeleza angalau nusu ya akiba iliyoonekana. Kanuni za 2016 zikaleta lebo na viwango kwa vifaa kadhaa, zikiwemo friji, viyoyozi na mota za fezi tatu.

Kwa kiwanda kikubwa, nadhani hayo yalitosha, na huenda hata yasingehitajika. Mhasibu wa kiwanda cha saruji haambiwi na serikali kwamba umeme ni ghali. Soko la VFD kwenye viwanda vikubwa limekua kwa sababu kifaa kwenye feni kubwa hujilipa, basi. Pale ambapo sheria ingesaidia ni pale ambapo haifiki, na hapo turudi Magogoni.

Mota ikiungua, hainunuliwi mpya; fundi anaiwaindi. Anakata vichwa vya koili kwa patasi. Zilizobaki zimegandishwa na vanishi iliyoiva, kwa hiyo njia ya haraka ni kuitia mota motoni hadi vanishi igeuke moshi, kisha shaba inavutwa kwa koleo na kuwekwa kando, maana nayo huuzwa kwa kilo. Anahesabu mizunguko ya koili moja, anapima unene wa waya, anakata karatasi za kuhami za kutandika kwenye mifereji, anasuka koili mpya kwenye mashine ya mkono yenye kaunta, anazipachika moja moja, anafunga kwa uzi, anamwaga vanishi, anaanika. Kazi ya mikono mizuri, na kwa siku mbili mwenye mashine anarudi kusaga.

Lakini moto ule una hasara isiyoonekana. Chuma cha mota si gogo moja. Ni bati nyembamba nyingi zilizopangwa na kutenganishwa kwa utando mwembamba, ili umeme usizurure ndani ya chuma na kukichemsha. Moto wa makaa usiopimwa unaula utando huo. Na waya wa unene kamili ukikosekana dukani, unawekwa mwembamba kidogo. Uchunguzi uliofanywa na vyama vya mafundi wa mota vya Marekani na Uingereza, uliotolewa 2003, ulionyesha kwamba mota ikiwaindiwa kwa utaratibu, kwa joto lililodhibitiwa, ufanisi wake hauporomoki. Kosa basi si la kuwaindi. Ni la tanuri lisilo na kipimo, na fundi hajawahi kukopeshwa pesa za kununua tanuri lenye kipimo.

Tupige hesabu. Mota ya kilowati 7.5 ya IE1 ina ufanisi wa asilimia 86. Ya IE3 ina 90.4. Ikifanya kazi kwa nguvu zake zote saa nane kwa siku, siku 300 kwa mwaka, ya kwanza itakula yuniti 20,930 hivi, ya pili 19,910. Tofauti ni yuniti 1,000 kwa mwaka. Kwa bei ya mfano ya shilingi 25 kwa yuniti, hizo ni shilingi 25,000, na mota iliyounguzwa mara mbili tatu itapoteza zaidi. Kwa mwenye mashine wa mtaani hiyo si pesa ndogo. Lakini yuniti 20,930 ziko mbali na 180,000 za kanuni. Inabidi mashine kama hizo zaidi ya nane zikusanyike ndipo sheria izione kama kiwanda kimoja.

Mota ya mtumba nayo ina njia yake. Ulaya ikiondoa mota za zamani viwandani, nyingine huyeyushwa na nyingine husafiri. Kibati kimesuguliwa, lebo haipo, bei iko chini ya nusu ya mpya. Mnunuzi si mjinga. Ana pesa za leo, na bili ni ya mwezi ujao.

Wauzaji wa VFD nao wanastahili kuulizwa maswali. Ahadi ya kupunguza bili kwa nusu ni kweli kwa feni na pampu zinazokabwa. Mashine ya kusaga, ambayo ikiwashwa inataka nguvu zote, itafaidika na mwanzo wa taratibu na pengine si zaidi ya hapo. Na hewa yetu ya chumvi, joto na unyevu haivipendi vifaa vyenye kadi za elektroniki ndani. Kabati lisilozibwa vizuri halifiki mbali. Lakini kuna mlango ambao kifaa hiki kimeingilia bila kelele: visima. Pampu za sola zinaendeshwa na VFD inayopokea umeme wa paneli moja kwa moja, ikipunguza mwendo wingu likipita na kuuongeza jua likirudi.

Maji ndiyo mahali ambapo hata asiye na mota huilipia. Bomba la chemchemi za Mzima, lililokamilika 1957, linateremsha maji hadi Mombasa kwa mteremko wa ardhi pekee, bila pampu. Kisauni na pwani ya kaskazini zinategemea zaidi visima vya Baricho kwenye mto Sabaki, ambako kila tone linapandishwa kwa mota kabla ya kufika matangi ya Nguu Tatu. Bili ya umeme ya Baricho imekuwa mgogoro wa miaka, na zaidi ya mara moja umeme umekatwa kwa deni, mifereji ya Kisauni ikakauka na bei ya mtungi kwenye mkokoteni ikapanda. Pale ndipo pa kuanzia mtu anayetaka kuona kama IE3 na VFD vinafaa kitu: pampu zinazofanya kazi usiku na mchana, mwaka mzima, na kila asilimia ya hasara iko kwenye bei ya maji ya Magogoni.