Mgongo hulishwa na mwendo: namna ya kuutunza katika kazi za pwani

Katika wilaya za Palma na Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Cabo Delgado, kazi nyingi hutegemea mgongo. Mvuvi huinama kuvuta nyavu, wanawake huinama kuokota chaza maji yanapokupwa, na ndoo ya lita 20 kichwani ni uzito wa kilo 20 juu ya shingo. Mgongo ukiumia, riziki hupungua.

Kwa nini mwendo?

Uti wa mgongo una pingili 24 zinazocheza: 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno. Baina yake kuna visahani vya gegedu vinavyopunguza mtikisiko. Kwa mtu mzima, visahani hivyo vina mishipa michache mno ya damu; virutubisho hupenya kutoka sehemu za jirani, na mwendo husaidia kazi hiyo. Kwa hiyo, kinachouchosha mgongo si kazi peke yake, bali pia kudumu katika mkao mmoja.

Wakati wa kazi

Anayeokota chaza au kupalilia asimame wima mara kwa mara na apige hatua chache. Anayeshona nyavu ameketi ainuke na kujinyoosha. Unapoinua mzigo, usogelee, kunja magoti, uweke karibu na kifua, kisha geuka kwa miguu, si kwa kiuno. Safari mbili za lita 10 ni nafuu kuliko moja ya lita 20.

Ukiumwa

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, watu milioni 619 waliishi na maumivu ya kiuno mwaka 2020. Mara nyingi maumivu hayo hupungua baada ya wiki chache. Kulala kitandani siku nyingi hudhoofisha misuli. Tembea kadiri uwezavyo na urejee kazini polepole.

Dalili za hatari

Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo ukipata ganzi sehemu za siri, ukishindwa kuzuia haja, au miguu ikilegea. Maumivu yanayoandamana na homa, jasho la usiku na kukonda yaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Ugonjwa huo hutibika, na nchini Msumbiji dawa zake hutolewa bure katika vituo vya serikali. Lakini ukidhaniwa kuwa uchovu wa kazi, waweza kuleta kibyongo au kupooza.